Naenda Guangzhou kufuata mzigo: nibebe dola, nitumie kadi, au nimpe hela wakala wa Kariakoo?

#1 Mtoto wa Pugu Road
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Mwezi ujao naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, nafuata mikoba ya kike na viatu vya wazi. Mtaji wenyewe si wa kutisha, ukitoa tiketi na hoteli inabaki kama dola 7,000. Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Jirani yangu wa fremu anasema nibebe dola zote kiunoni kama walivyofanya waliotutangulia. Mdogo wangu anasema China hakuna anayeshika noti tena, hata muuza viazi vya kuchoma anaskani, hivyo hela zote niziweke kwenye kadi. Na kuna jamaa wa Mtaa wa Msimbazi anasema nimkabidhi shilingi hapa hapa, nikishuka kule mtu wake ananipa yuan mkononi, tena kwa reti inayoipita ya benki.

Nyie mnaokwenda, mnabebaje? Nisaidieni mliolipa kwa mikono yenu.

#2 Pilipili Kichaa
Mtu anatangaza kwamba mwezi ujao atakuwa na dola 7,000 kiunoni, na jina lake limetaja barabara anayokaa. Mkuu, tuwekee na saa ya kutoka nyumbani basi, tusihangaike.

#3 MzeeKontena
Usimsikilize Pilipili. Mimi nilianza kwenda kule kabla haya mambo ya kuskani hayajaja, tukishukia jengo la Tianxiu pale mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, dola kwenye mkanda wa ndani. Ushauri wangu: usichague moja, gawa. Dola taslimu ndiyo nguzo, kadi iwe ya chakula, usafiri na dharura.

Dola zako ziwe za mia mia, mpya, zile zenye mkanda wa buluu katikati. Ukifika ingia benki yoyote kubwa, Bank of China zimejaa kila kona, toa pasipoti, jaza fomu, kaa kwenye kiti usubiri namba yako. Usije ukabadilisha kwa mtu anayekunong'oneza nje ya benki. Noti yao kubwa kuliko zote ni 100, kwa hiyo dola 7,000 zikigeuka yuan unatoka na mabunda matano, njoo na begi la mgongoni. Sokoni muuzaji ana mashine ya kuhesabia chini ya kaunta. Anapitisha bunda, analigeuza, anapitisha tena upande wa pili, halafu noti mbili tatu anazitoa na kuzisugua kwa kidole gumba kwenye kola ya Mao, yule wa kwenye picha ya noti. Akimaliza hapo mmemalizana, hakuna cha "mtandao unasumbua".

Ukomo wa kubeba ni dola 10,000, wewe uko chini yake, huna haja ya kutangaza chochote.

#4 Dogo Fundi
Nimekaa siti ya mbele. Mzee endelea.

#5 Karani Mstaafu
Shikamoo MzeeKontena. Hapo mwisho wa #3 umechanganya mipaka miwili. Dola 10,000 ni ya kwetu: ukitoka au kuingia Tanzania na fedha taslimu kuanzia kiwango hicho unajaza fomu ya forodha. Ya China ni 5,000. Ukiingia na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 unatakiwa kutamka. Na yuan zenyewe huruhusiwi kuingia au kutoka nazo zaidi ya 20,000. Kwa hiyo mleta uzi akibeba 7,000 zote taslimu, huku yuko huru, kule ana fomu ya kujaza. Kuijaza hakuna gharama, na hiyo karatasi itamsaidia benki wakimuuliza hela zimetoka wapi.

#6 MzeeKontena
Marahaba. Sawa karani, sheria umeijua. Ila miaka yote hiyo sijawahi kusimamishwa pale uwanja wa ndege wa Baiyun.

#7 Karani Mstaafu
Hujasimamishwa wewe. Yeye ndiyo kwanza anaenda, ana pasipoti mpya na begi jipya.

Niongeze la kadi, maana nimekaa dirishani benki miaka mingi na kesi hizi nimezipokea. Kabla hujaondoka, nenda tawini kwako uulize mambo matatu. Kwanza, kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje? Pili, ukomo wake kwa siku ni kiasi gani, na uulize ukomo wa ATM, wa mashine ya dukani na wa manunuzi ya mtandaoni kila mmoja peke yake, maana mara nyingi haufanani. Tatu, ile OTP, namba ya uthibitisho ya kutumia mara moja, inakuja kwa meseji tu au na kwa barua pepe? Watu hawajui kwamba ukiskani kule China kwa Alipay au WeChat, zile programu zao za kulipia kwa simu, benki yako hapa inaona umenunua mtandaoni. Umesimama dukani, muuzaji yuko mbele yako, lakini kwa benki wewe ni mtu aliyenunua kitu kwenye tovuti. Kipengele cha mtandaoni kikiwa kimefungwa, utaskani mpaka simu izime.

#8 Binti Tandika
Karani umenigusa. Mimi nilikuwa kule juzi tu. Kadi yangu ya Visa niliiunga kwenye Alipay nikiwa bado Dar, nikapiga picha pasipoti, nikathibitishwa, safi. Siku za mwanzo nililipa kila kitu: chakula, teksi, dukani kwa maji. Hata hoteli ilipita. Halafu nikaenda soko la ngozi pale Baiyun World, nikachagua mikoba, jumla yuan 4,800. Naskani, naweka namba ya siri, inazunguka, imekataliwa. Narudia, imekataliwa. Nikatoka nje nikanunua juisi ya yuan 12 kwa kadi ile ile, ikapita! Nikarudi ndani, imekataliwa. Salio lilikuwepo, niliangalia. Yule dada wa duka alishaanza kunifungia mzigo kwenye yale mafuko ya buluu, akaacha kufunga akabaki ananiangalia.

Nikatumia dola za akiba. Mpaka leo sijapata jibu. Mwenye jibu aniambie.

#9 Dogo Fundi
Ukomo wa Alipay huo. Kadi za nje zina ukomo wa dola 1,000 kwa muamala. 4,800 hazijafika lakini na makato yao zinakaribia.

#10 Nyota ya Asubuhi
Dogo Fundi, hiyo ni habari ya zamani. Mwezi Machi 2024 walipandisha, ikawa dola 5,000 kwa muamala na 50,000 kwa mwaka. Na hata ingekuwa ile ya zamani, yuan 4,800 ni dola mia sita na kitu, itakaribiaje elfu moja?

Kuhusu makato uko sahihi kidogo: muamala wa hadi yuan 200 haukatwi, ukizidi hapo unakatwa asilimia 3 ya kiasi chote. Ndiyo maana chakula na teksi ni raha, mzigo ni maumivu. Kwenye 4,800 angekatwa yuan 144.

#11 Pilipili Kichaa
Yuan 144 ni chakula cha siku mbili, na ukiwa bahili kama MzeeKontena ni cha wiki.

#12 Karani Mstaafu
Binti Tandika, ningekuwa dirishani ningeanza na ukomo wa siku. Hesabu siku hiyo ulishatumia kiasi gani. Halafu kumbuka kule wametutangulia saa tano. Siku ya benki yako inageuka saa sita usiku ya Dar, ambayo kule ni saa kumi na moja alfajiri. Kama hoteli ulilipa usiku wa manane kwa saa za kule, kwa benki bado ilikuwa jana yake jioni. Watu wanajihesabia siku ya China, mfumo unahesabu ya huku.

#13 Binti Tandika
Hoteli nililipa nilipoingia, siku tatu nyuma. Siku hiyo nilikuwa nimetumia supu na teksi tu.

#14 Mchaga wa Yiwu
Mimi naona ni ile karatasi ya QR, ule mchoro wa kuskani. Sokoni kule kuna QR ya duka lililosajiliwa na kuna QR ya mtu binafsi. Muuzaji akitaka kukwepa makato au kodi anakupa ile yake binafsi. Mchina mwenzake analipa bila shida, kadi yako ya nje inagoma, maana kadi ya nje imeruhusiwa kununua, haikuruhusiwa kumtumia mtu hela. Mimi nikigomewa namwambia muuzaji aniskani yeye: nafungua ile msimbo yangu ya malipo, anaipiga na kile kimashine chake. Mara nyingi inapita. Wa juisi alikuwa na QR ya duka, wa mikoba alikuwa na ya kwake.

#15 Nyota ya Asubuhi
Nadharia nzuri, lakini mimi nimewahi kulipa QR za kibanda cha barabarani, karatasi imebandikwa na selotepu kwenye toroli la matunda, kadi ya nje, ikapita. Yule bibi hana duka lililosajiliwa popote.

#16 Mchaga wa Yiwu
Ulilipa shilingi ngapi? Kiasi kidogo wanapitisha, kikubwa wanakaza.

#17 Dogo Fundi
Au Alipay wenyewe wamemwekea alama. Mtu mgeni, siku tatu ananunua maji na supu, ghafla 4,800. Mfumo unasema huyu simu imeibiwa. Na kila akirudia kulipa ndiyo anazidi kuonekana mwizi.

#18 Kanzu Nyeupe
Asalaam alaikum jamaa zangu. Mie niko Maskati, asili Unguja, China nakwenda kwa vitambaa. Yote mliyosema yamkini. Lakini Binti hajatwambia: hiyo OTP iliingia au haikuingia? Maana mie yalinikuta. Niliweka laini ya Kichina kwenye simu, ya kwangu nikaitoa nikaitia kwenye mkoba. Benki inaleta namba kwenye laini iliyomo mkobani! Malipo madogo hayaulizi, makubwa yanauliza.

#19 Binti Tandika
Kanzu Nyeupe, laini ya nyumbani ilikuwa kwenye simu, romingi imewashwa. Meseji haikuja. Ila sijui kama ilitakiwa kuja.

#20 Karani Mstaafu
Hapo ndipo ugumu ulipo. Benki nyingine huuliza, nyingine haziulizi. Ungepiga huduma kwa wateja saa ile ile wakakuangalizia muamala umekufa kwao au haukuwafikia kabisa. Ukipiga baada ya wiki unaambiwa "jaribu tena".

#21 Binti Tandika
Saa tatu asubuhi ya kule ni saa kumi alfajiri huku. Nilipiga, nikasikiliza muziki mpaka salio la romingi likaisha.

#22 Msee wa Gikomba
Sasa wadau. Mimi ni wa Nairobi, nafuata nguo huko huko. Kuhusu laini, msitoe ya nyumbani. Ukitumia data ya romingi ya laini ya kwenu, WhatsApp na Google zinafunguka bila VPN (programu ya kukwepa vizuizi vya intaneti), kwa sababu intaneti yako inapitia kampuni ya simu ya nchini kwenu. Ukiweka laini ya China au Wi-Fi ya hoteli ndipo zinafungwa. Hiyo ni muhimu kwa hela pia: kama benki yenu inatuma uthibitisho kupitia WhatsApp au barua pepe ya Gmail, bila romingi hauoni kitu.

Halafu sisi huku tuna ile kadi ya Visa ya M-Pesa, GlobalPay, tangu 2022. Haina plastiki, ni namba tu ndani ya simu. Kuna mtu ameiunga kwa Alipay au WeChat? Nataka kujua kabla sijaenda maonyesho ya biashara ya Canton, pale Guangzhou, ya Oktoba.

#23 Nyota ya Asubuhi
Sijaijaribu hiyo. Ila fungueni WeChat mkiwa bado nyumbani. Wakati mwingine ukifungua akaunti mpya inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuskanie ili akuthibitishe. Mtafute mapema, usije ukaanza kumtafuta uwanja wa ndege saa nane za usiku.

#24 Mtoto wa Pugu Road
Nafuatilia kila neno, ahsanteni. Lakini swali langu la tatu mmeliruka. Wakala wa Msimbazi vipi? Reti yake imeniingia akilini.

#25 MzeeKontena
Hatujaliruka, tulikuwa tunalikwepa.

Nitasema ninalolijua. Njia hiyo ipo, watu wengi wa Kariakoo wanaitumia na mizigo yao inafika. Unampa shilingi, anapiga simu, mtu wake kule anamlipa muuzaji wako moja kwa moja au anakupa wewe mkononi pale Xiaobei. Hakuna foleni, hakuna fomu. Kikwazo ni kwamba huna karatasi. Siku simu ya yule bwana isipopokelewa, unakwenda kituo gani na kusema nini?

#26 Pilipili Kichaa
Unakwenda kituoni unasema: afande, nilimpa mtu milioni kumi na nane bila risiti ili anikwepeshe benki. Afande atakupa kiti ukae, wewe kwanza.

#27 Mchaga wa Yiwu
Tatizo la kutapeliwa ni dogo. Kuna kubwa zaidi. Mimi muuzaji wangu wa vyombo kule mji wa Yiwu alipokea malipo ya mteja mmoja kupitia njia hizo. Hela ziliingia kwenye akaunti yake kutoka kwa Mchina asiyemjua, kiasi sawasawa na oda. Baada ya muda polisi wa mkoa mwingine kabisa wakaifunga akaunti yote, kwa sababu hela zile zilikuwa zimetoka kwa mtu aliyetapeliwa huko. Wakifunga ni miezi sita, na wanaweza kuongeza mingine sita. Mzigo wa mteja ukabaki stoo, muuzaji hataki kuutoa wala kurudisha hela, anasema hela yenyewe hana. Tangu siku hiyo ukutani kwake kuna tangazo la Kichina na Kiingereza: hapokei malipo ya mtu wa tatu.

Na siyo yeye peke yake, Yiwu hilo ni jambo linalojulikana.

#28 Mtoto wa Pugu Road
Duh. Sasa mbona reti yake inapita ya benki? Hiyo faida anaitoa wapi?

#29 Nyota ya Asubuhi
Rahisi. Kuna Wachina wana biashara hapa Dar, wanakusanya shilingi kila siku. Wanataka yuan nyumbani. Wewe una shilingi, unataka yuan. Wakala anawakutanisha, hakuna hela inayovuka mpaka, kwa hiyo hakuna makato ya kuituma. Anakugawia kipande cha kile ambacho benki ingekula.

#30 Karani Mstaafu
Hayo ni maelezo ya upande wa Dar. Upande wa China kuna sababu nyingine: Mchina mmoja mmoja anaruhusiwa kubadilisha fedha za kigeni za thamani ya dola 50,000 tu kwa mwaka. Anayetaka kutoa zaidi ya hapo anatafuta mlango wa nyuma, na yuko tayari kulipia. Yuan yake inakulipia mikoba kule, wewe shilingi yako inamngoja huku. Kwa hiyo reti nzuri ni bei anayolipa yeye kukwepa sheria ya kwao. Na kubadilisha fedha nje ya benki na vituo vyenye leseni China ni kosa, mgeni naye halimwachi.

#31 Dogo Fundi
Au ni hela chafu tupu kama alivyosema Mchaga #27. Mwizi hajali akipoteza asilimia kadhaa, anataka isafishike.

#32 MzeeKontena
Yote matatu yapo ndani ya yuan moja na wewe huwezi kujua umeshika ipi. Mimi nilitumia njia hiyo miaka ile dola zilipokuwa zimeadimika benki, 2023 kwenda 2024, unakwenda dirishani wanakupa mia tano unaambiwa rudi wiki ijayo. Mtu ana kontena linamsubiri afanyeje? Siku hizi dola inapatikana, sioni sababu.

#33 Dogo Fundi
Mzee, si serikali imekataza dola? Mwaka jana au juzi walitangaza.

#34 Karani Mstaafu
Hapana. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini: kodi ya nyumba, ada na kadhalika. Kununua dola benki kwa safari hakujakatazwa. Nenda na pasipoti, viza na tiketi. Unachanganya na habari za maduka ya kubadilishia fedha yaliyofungwa Arusha mwishoni mwa 2018 na Dar mwaka 2019.

#35 Kanzu Nyeupe
Mwanangu wa Pugu Road, nikupe na hili, maana nakuona utapitia Dubai au Addis. Ukipita Dubai ukatia kadi dukani au kwenye mashine ya kutolea hela, itakuuliza: ulipe kwa dirhamu au kwa fedha ya nchi yako? Itakuonyesha shilingi, namba ndefu nzuri, moyo utulie. Usibonyeze! Bonyeza dirhamu. Ukichagua shilingi, wanaogeuza ni wao wenye mashine kwa reti wanayoitaka wao. Ukichagua dirhamu, inageuzwa na mtandao wa kadi yako, na huo reti yake si mbaya. Huku Ghuba dola haichezi: dirhamu imefungwa 3.6725 kwa dola tangu 1997, riyali yetu ni dola 2.60 tangu 1986. Kwa hivyo ukiona duka la kubadilisha linakupa tofauti kubwa na hizo, jua wanakula wao, msiitie lawama soko la dunia.

#36 Msee wa Gikomba
Hiyo ya kuchagua sarafu ni kweli kabisa, hata Uturuki iko. Na mhudumu wakati mwingine anakubonyezea bila kukuuliza. Angalia karatasi kabla haujaweka PIN.

#37 Mwana Lushi
Bandugu, jambo kwenu bote. Mimi niko Lubumbashi, na sisi tunaendaka Guangzhou pia. Mzee wa #3 amesema dola mpya. Niongeze: isipasuke. Huku kwetu dola yenye kupasuka hata kidogo kwenye ncha, mama wa soko hatakamata. Anainyanyua juu kwa jua, anapitisha kidole pembeni pote pole pole, akisikia mkwaruzo anakurudishia. Dola moja moja nazo hawazitaki. Lakini faranga ya kwetu iliyochakaa kama kitambaa anapokea bila neno! Sasa mutuambie, dola za zamani zinakataliwa kwa nini kila mahali? Mimi nilibeba moja ya 1996 mpaka Dar, bakakataa.

#38 MzeeKontena
Bandia. Zile za kichwa kidogo za kabla ya 1996 na hata zilizofuata ziligushiwa vizuri mno, mashine za kawaida zinadanganyika. Hii ya mkanda wa buluu iliyotoka Oktoba 2013 ndiyo imewashinda.

#39 Karani Mstaafu
Bandia ni sehemu tu. Benki ikipokea dola chakavu inabidi izisafirishe nje kuzibadilisha, kuna gharama za ndege na bima. Gharama hiyo hawataki kuibeba, wanakusukumia wewe.

#40 Kanzu Nyeupe
Na Mmarekani mwenyewe anasema noti zake zote tangu 1861 ni halali, hazifi. Ukienda nayo kwake anaipokea. Huku kwetu ni biashara tu: akikwambia ni ya zamani, utaiuza kwake kwa bei ya kutupa, yeye anajua pa kuipeleka.

#41 Pilipili Kichaa
Kwa hiyo noti imekataliwa kwa sababu ni bandia, au ni halali lakini mbovu, au ni nzima ila mpokeaji ana njaa. Asante kwa ufafanuzi.

#42 Nyota ya Asubuhi
Turudi China. Kuna aliyegusia yuan bandia? Teksi za Guangzhou zina mchezo: unampa 100 halisi, anaishika kidogo, anakurudishia anasema hii mbovu nipe nyingine. Aliyokurudishia si yako. Kabla hujampa, soma tarakimu za mwisho za namba ya noti kwa sauti, akusikie. Na toleo la 2015 lina ile 100 ya katikati, ukiigeuza inatoka dhahabu inakuwa kijani.

#43 Mchaga wa Yiwu
Teksi panda ile ya kuita kwenye simu, malipo yanakatwa humo humo, yako chini ya yuan 200, hayana makato. Noti ziache za sokoni.

Na mdogo wake mleta uzi asimtishe kwamba noti hazipokelewi. Benki Kuu ya China ilitoa tangazo mwaka 2018 kwamba hakuna anayeruhusiwa kukataa noti, na kuna biashara zimepigwa faini. Shida utakayoiona ni chenji: unatoa 100 kwa chupa ya maji, mwenye duka anafungua droo, mna vumbi na pini tatu.

#44 Mtoto wa Pugu Road
Nashukuruni sana. Nimeamua hivi: dola 4,500 taslimu, zinazobaki kwenye kadi mbili za benki tofauti, Alipay na WeChat nafungua wiki hii. Msimbazi siendi. Swali dogo: yuan zikibaki?

#45 Karani Mstaafu
Tunza risiti uliyopewa benki ulipobadilisha dola. Ukiwa nayo wanakugeuzia yuan zilizobaki kuwa dola, inatambulika kwa miezi 24. Bila risiti wanakubadilishia kiasi kidogo tu.

#46 MzeeKontena
Hazibaki. Hujayaona masoko ya Sanyuanli wewe.

#47 Binti Tandika
Wakuu, mrejesho wa #8. Benki wamenijibu leo: "muamala ulikataliwa na upande wa mpokeaji". Nikafungua Alipay kwenye historia, imeandikwa wasiliana na benki iliyotoa kadi.

#48 Pilipili Kichaa
Waunganishe kwenye kundi moja la WhatsApp, wewe ujitoe.

#49 Karani Mstaafu
Binti, dipoziti ya hoteli uliweka kwa kadi? Huwa wanashikilia kiasi mpaka unatoka, salio unaliona lakini huwezi kulitumia lote.

#50 Binti Tandika
Dipoziti niliweka yuan taslimu, wakanipa karatasi ya pinki.

#51 Mchaga wa Yiwu
Basi tunarudi kwangu. Ile QR ya dada wa mikoba ilikuwa ya buluu, yaani Alipay, au ya kijani, yaani WeChat?

#52 Binti Tandika
Zote mbili, ndani ya plastiki moja. Niliskani ya buluu.

#53 Mchaga wa Yiwu
Na juu yake palikuwa na jina la duka au jina la mtu?

#54 Binti Tandika
Kichina kitupu mkuu. Nina picha yake, ngoja niipandishe mnisomee.